Ripita tatu, kifurushi kimepandishwa mara mbili, na kikao bado kinakatika: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja ya ghorofa

Kabla ya kuandika nilimuomba ruhusa mwenye nyumba akakubali. Majina nimeyatoa, mtaa nimeutoa, kampuni ya intaneti siitaji na mafundi waliotangulia siwataji. Vipimo nimeviacha vile vile vilivyo kwenye daftari langu, maana bila vipimo hiki kisa hakina faida kwa fundi mwingine.

Nyumba yenyewe

Nyumba iko pembezoni mwa Dar es Salaam, ya ghorofa moja, slabu nene ya zege yenye nondo kati ya chini na juu, kuta za tofali za saruji. Anaishi mama mmoja mstaafu, binti yake ambaye kazi yake yote ni ya mtandaoni, vikao vya video karibu kila siku, na wajukuu wawili. Faiba, yaani waya wa kioo unaoleta intaneti kwa mwanga, inatoka kwenye nguzo ya barabarani, inapita ukingo wa paa, inashuka ukutani hadi kwenye kiboksi cheupe sebuleni nyuma ya kabati la tivii, halafu pachi kodi fupi (kamba ya faiba ya kuunganishia) inaenda kwenye modemu ambayo ndo rauta hiyo hiyo. Modemu iko ndani ya kabati. Chumba cha binti kiko juu, upande wa pili kabisa wa nyumba.

Waya za mtandao zilikuwa mbili, zote za fundi aliyetangulia. Moja inapanda juu kupitia bomba la waya wa dishi, ikaachwa inaning'inia kwenye korido ya juu kwa maelezo kwamba "haishiki". Nyingine inatoka kwenye modemu hadi kamera ya getini, mita kama 40.

Malalamiko

Nilipofika nikamwamkia mama, hata kiti sijakaa vizuri akaanza: "Mwanangu, mimi nimechoka. Kifurushi nimepandisha mara mbili, hivi vidude vya ukutani nimenunua vitatu, kila anayekuja anasema nunua hiki, na mwenzio huko juu kila akiongea na mabosi wake anaganda." Kamera nayo mchana inaonyesha vizuri tu, ikifika saa moja jioni inazima, asubuhi inarudi yenyewe.

Kwa hiyo malalamiko matatu: intaneti nzima inakatika kwa vipindi, juu waifai haifai, kamera inakufa usiku. Wote waliotangulia walichukulia ni ugonjwa mmoja na dawa yao ikawa moja, kuongeza nguvu. Kwa kweli kilichoniuma ni kwamba huyu mama pesa ametoa, tena nyingi, na hakuna hata mmoja aliyempimia chochote.

Siku ya kwanza: faiba

Nilianzia pale mwanga unapoingilia nyumbani. Nikaingia kwenye ukurasa wa modemu, sehemu ya nguvu ya mwanga unaopokelewa, nikakuta -27.3 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga kwa desibeli).

Kwa asiyezoea hizi namba, ni za hasi, kadiri inavyokaribia sifuri ndo nguvu inavyokuwa kubwa, ukishuka 3 umebaki na nusu, ukishuka 10 umebaki na sehemu moja ya kumi. Modemu nyingi za faiba za majumbani, zile za GPON (mfumo wa faiba wa kampuni nyingi) za daraja B+, zimehakikishwa kusikia mpaka -27, na upande wa juu ukizidi -8 mwanga unakuwa mkali mno nayo ni shida. Sasa hii ya mama ilikuwa imeshavuka mstari, ndo maana ile taa nyekundu ya modemu ilikuwa inawaka na kuzima bila ratiba, maana ukiwa ukingoni hivyo hata joto la mchana linatosha kukuangusha.

Nikachomoa pachi kodi kwenye kiboksi, nikaweka pawa mita (kipima nguvu ya mwanga) iliyosetiwa nanomita 1490, ambayo ndo urefu wa wimbi wa mwanga unaoshuka kuja kwa mteja. Ikasoma -21.4. Hapo nikatulia kidogo. Kiboksini -21.4, kwenye modemu -27.3, na kati yao kuna kamba ya mita mbili tu! Karibu desibeli 6 zimepotelea ndani ya mita mbili, maana yake robo tu ya mwanga ndo ilikuwa inafika. Ili uone ukubwa wake, faiba isiyo na hitilafu inapoteza chini ya nusu desibeli kwa kilomita.

Nikachomeka tochi ya leza nyekundu kwenye ncha moja ya ile kamba (usiitazame ncha kwa jicho hata kwa utani, na mwanga wa kampuni ndo usijaribu kabisa kwa sababu hauonekani), nikaomba taa ya sebuleni izimwe, tukainama na binti nyuma ya kabati. Chini ya mguu wa kabati kulikuwa na doa jekundu linang'aa kupitia ganda la kamba kama kaa la moto. Kamba ilikuwa imekandamizwa na mguu na kukunjwa karibu nyuzi tisini, mwanga unavujia hapo. Binti akasema hapo hapo, "Mama, si tulivyopaka rangi? Kabati tulilisogeza tukalirudisha." Na ndo kipindi ambacho kukatika kulianza. Swali la lilianza lini ningepaswa kuuliza mlangoni, sikuuliza.

Nikaweka kamba mpya, kichwa cha kijani upande wa kiboksi na cha bluu upande wa modemu kwa sababu ndivyo matundu yao yalivyokuwa. Kijani kimechongwa kwa mshazari, bluu ni bapa, ukivikutanisha kijani kwa bluu vinaingiana vizuri tu ila vinapoteza mwanga vibaya. Modemu ikasoma -21.7. Nikapima spidi kwa laptopu iliyochomekwa waya, megabiti 48 kwa sekunde kati ya 50 walizolipia.

Kitu kimoja nilichofanya hapo ambacho baadaye kilituokoa: nikachukua gundi ya karatasi ya mafundi rangi, nikaandika kwa kalamu ya wino "kiboksi -21.4, modemu -21.7" na tarehe, nikabandika ndani ya mlango wa kabati.

Siku hiyo hiyo: juu

Chumbani kwa binti simu ilikuwa inaonyesha vistari vyote vya waifai, na spidi ni 4. Ripita (kile kidude cha ukutani kinachopokea waifai na kuirusha tena) iliyokuwa koridoni ilikuwa inafika kwake kwa -52 dBm, nguvu safi kabisa. Sasa nikaenda nikasimama pale pale ripita ilipochomekwa, nikapima rauta ya chini inafikaje hapo: -76. Kwa kikao cha video mimi nataka -67 au bora zaidi, ikifika -75 unaanza kupoteza maneno. Vistari vinavyojaa kwenye simu vinakuambia umbali wako na ripita, havikuambii ripita yenyewe inapata nini. Ni sawa na mtu anayekurudishia kwa sauti kubwa maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyasikia. Na zote tatu zilikuwa chaneli moja na rauta, zinapokezana hewa ile ile, kila neno linasemwa mara mbili au tatu, spidi inagawanyika kila hatua.

Nikamwambia mama kwamba vile vidude vitatu tuvichomoe vyote na juu tupeleke waya. Uso wake ukabadilika, nikaelewa, mtu ametoa pesa yake mara tatu.

Uamuzi wa waya, na kosa langu

Njia nilizokuwa nazo zilikuwa kama nne. Mesh bila waya, yaani vituo kadhaa vya waifai vinavyopokezana hewani, niliikataa, kwa sababu kipimo cha koridoni kilishaonyesha slabu inakula mawimbi, na mesh isiyo na waya ingepita kwenye slabu hiyo hiyo. Kupasua ukuta kuweka bomba jipya, sebule imetoka kupakwa rangi, mama asingekubali na mimi nisingemlazimisha. Kupitisha kwenye bomba la umeme wa nyumba, hapana, hilo silifanyi kwa mtu yeyote hata akiniambia jirani kafanya, siku ganda la waya wa umeme likichubuka humo ndani hatari inaingia kwenye waya ambao mtoto anaushika kwa mkono. Ikabaki ule waya wa zamani kwenye bomba la dishi.

Nikauweka testa, kifaa cha taa cha kukagua nyuzi nane za waya. Taa zikapita moja, mbili, tatu mpaka nane, zote kwa mpangilio, mtu angesema waya mzima. Nikachomeka, swichi (kisanduku cha kugawa mtandao kwa waya) ikakubali megabiti 100 tu badala ya 1000, na pingi, zile jumbe fupi za kujaribu njia, zinapotea. Nikakata plagi nikaitazama kwa karibu: rangi zilikuwa zimepangwa jozi kwa jozi, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Kwa macho ni nadhifu kweli, na pande zote mbili zinafanana ndo maana testa inaridhika. Lakini mtandao unataka tundu la 3 na la 6 wawe jozi moja iliyosokotwa pamoja. Kwa mpangilio sahihi kijani-nyeupe anakaa 3 na kijani anakaa 6, wale wa bluu wanaingia katikati yao. Ukiwapanga kwa uzuri wa rangi, kwenye 3 na 6 wanakutana kijani-nyeupe na bluu ambao hawajasokotana, kelele za waya jirani zinaingia bila kizuizi, na testa ya taa haioni hilo kwa sababu yenyewe inaangalia tu kama umeme umefika upande wa pili.

Nikakrimpu (nikabana plagi) upya pande zote, sikufungua msokoto zaidi ya sentimita moja, ikashika 1000. Nikafunga akses pointi (kituo cha waifai kinacholishwa kwa waya) kwenye dari ya korido ya juu, binti akapata 46 chumbani, tukaagana vizuri.

Sasa kosa. Wakati nabandua ganda la ule waya niliuona ni mwepesi na laini kupita kiasi, na kauzi kamoja kakakatika mkononi nilipokakunja mara mbili. Nilijua maana yake. Ilitakiwa nikwangue kwa kisu pale pale. Sikukwangua kwa sababu nilikuwa nimeshamuonea mama huruma kwa gharama zake na nikataka imalizike siku ile. Siku ya tatu binti akanipigia, spidi bado nzuri ila vikao vimeanza kuganda, na taa ya swichi imebadilika rangi. Ikawa imerudi 100, na nilipoitikisa plagi ikawa inakatika kabisa. Nikakwangua: juu rangi ya shaba nyembamba, ndani nyeupe kama sufuria. Alumini iliyopakwa shaba. Inavunjika kwenye meno ya plagi, upinzani wake ni mkubwa kuliko shaba kwa zaidi ya nusu, na haikidhi viwango vya waya wa mtandao vya Cat5e wala Cat6 hata kama ganda limeandikwa hivyo.

Mama nikamwambia ukweli kwamba niliuona huu waya ni mbovu nikaunyamazia, kwa hiyo safari hii kazi ya kuvuta yeye halipii, anunue waya tu. Tukaenda naye dukani. Nilimfundisha kupima boksi kwa mkono, mita 305 za shaba ni mzigo unaousikia begani, ile ya alumini unaibeba kirahisi. Muuzaji akatukubalia kukwangua ncha kabla ya kulipa.

Kuvuta kulikuwa kazi ya mchana mzima. Ule waya wa zamani ndo ulikuwa kamba yetu: nikaufunga na mpya kwa ngazi, jozi moja moja, mafungo yasikutane sehemu moja ili fundo lisinenepe, nikazungusha tepu ya umeme ncha ikawa kama mkia wa panya. Bomba lilikuwa na waya wa dishi tayari, na kuna kona moja kali karibu na slabu, hapo ikagoma. Waya wa mtandao hauvutwi kwa hasira, nguvu isizidi kama kilo 11, ukizidisha misokoto inanyooka ndani na huioni kwa nje. Mama akauliza kama poda itasaidia, akaleta mkebe wa poda ya mjukuu, tukamwagia kwenye mdomo wa bomba huku binti anasukuma kutoka juu na mimi navuta kidogo kidogo chini. Ikapita.

Kamera

Hii ilikuwa na sababu yake kabisa. Fundi wa awali hakuweka PoE halisi (umeme unaopita kwenye waya wa mtandao kwa kiwango maalumu), alichukua adapta ya volti 12 akaipitisha kwenye jozi ya bluu na ya kahawia za waya ule ule wa alumini. Mchana kamera inakula kidogo, nikapima pale getini volti 10.6. Nikasubiri giza, taa za infraredi za kuonea gizani zikawaka, volti 8.7, kamera ikazima mbele yangu. Nikaunganisha ncha mbili za jozi moja upande wa geti, nikapima upinzani kutoka ndani: omu 11, wakati shaba ya unene huo kwa mita 40 ingenipa kama 7.

Shaba peke yake isingemaliza, kwa volti 12 ingefika usiku kama volti 10, bado ni pembamba. Kwa hiyo tukabadilisha vyote viwili: waya wa shaba wenye ganda jeusi la kuvumilia jua, na PoE ya volti 48 yenye kigeuzi kidogo cha kushusha hadi 12 pale pale kwenye kamera. Ukipeleka volti kubwa mkondo unakuwa mdogo, na njiani unapoteza kidogo. Kamera haijazima tena.

Mvua

Wiki iliyofuata ikanyesha usiku kucha. Asubuhi binti ananipigia, taa nyekundu inapepesa tena. Nikamwomba afungue ukurasa wa modemu asome namba: -25.9. Halafu nikamwambia afungue mlango wa kabati asome ile karatasi. Kabati halijasogezwa, kamba haijaguswa, na kuna desibeli 4 zimepotea. Nikaenda na pawa mita, kiboksini -25.7. Basi ndani ya nyumba hakuna tatizo, liko nje, na nje ni kwa kampuni, mimi sikati wala siungi faiba ya kampuni.

Binti akaripoti kwa namba: kiboksi kilikuwa -21.4 tarehe fulani, leo -25.7, ndani kumebadilishwa kamba. Hakuambiwa "zima uwashe". Wakaja kesho yake, wakapima kwa kifaa kinachoonyesha umbali wa hasara, wakakuta kwenye ukingo wa paa faiba imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, umekazwa mpaka umeingia kwenye ganda, upepo na maji vikiizidishia mzigo inabanwa zaidi. Wakakata kipande kile, wakaunga upya, wakaitundika kwa kishikizo chake. Kiboksi kikasoma -21.2.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kupima kiungo kimoja kimoja kuanzia pale mwanga unapoingilia nyumbani kuja ndani. Ningeanzia chumbani kwa binti ambako kelele zilikuwa nyingi, ningefunga akses pointi nzuri sana juu ya faiba inayokufa, na mimi ningekuwa fundi wa nne wa kumuuzia kitu. Malalamiko yalisikika kama moja lakini hasara zilikuwa sehemu tofauti, kwenye mwanga, kwenye mawimbi, kwenye shaba na kwenye volti, na kila moja ina kipimo chake na kifaa chake. Kupandisha kifurushi kutoka 20 hadi 50 hakukugusa hata moja.

Karatasi ya kwenye kabati naiona ndo kitu cha bei ndogo kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote. Bila namba ya siku nzuri, -25.9 ni namba tu, tena ndani ya kiwango, mtu wa huduma angekuambia iko sawa na asingekosea. Ukiwa na -21.4 ya wiki iliyopita ndo inasema kuna kitu kimebadilika.

Nilikosea mara tatu. Swali la lini nililichelewesha. Waya wa alumini niliuonea aibu kuutaja. Na la tatu, siku ya kwanza nilipopata -21.4 kiboksini niliridhika sikutoka nje hata kuinua macho ukingo wa paa, wakati ile fundo la waya wa nondo linaonekana ukiwa umesimama uani. Ningeliona, kampuni ingeitwa kabla ya mvua na binti asingekosa kikao cha asubuhi ile.

Kwenye waifai, nilipunguza nguvu ya akses pointi ya juu ikawa ya wastani badala ya mwisho, na wengi hawaelewi kwa nini. Simu ina sauti ndogo. Akses pointi ikipiga kelele sana, simu iliyoko chini inaisikia na kuing'ang'ania, lakini yenyewe ikijibu haisikiki. Chini nikaweka chaneli ya 6 kwa GHz 2.4, juu ya 11, upana MHz 20, na modemu ikatolewa ndani ya kabati ikawekwa juu yake. Chumbani kwa binti sasa ni -54 kwenye GHz 5.

Jiko la nje bado linapata -76. Nilimwambia mama panahitaji waya mwingine na akses pointi ya nje, akasema kule yeye anasikiliza redio, tuache. Ripita mbili wajukuu wamezichukua kuchezea, moja iko kwenye droo ya kabati, chini ya ile karatasi ambayo sasa ina mistari mitatu ya namba, wa mwisho umeandikwa na binti mwenyewe.